Stoo ya Ngozi ya Mama Zeinab

Guyo alizikwa kabla sijafika. Habari zilinipata asubuhi nikiwa shambani, na nilipoingia Isiolo alasiri, wanaume walikuwa wameshatoka makaburini, wamekaa nje kwenye viti vya kukodi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Nilivua vyangu mlangoni nikaingia upande wa wanawake. Nyumba yake ya mtaa wa Chechelesi ilikuwa imeondolewa viti na meza, mikeka imetandikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kijana mmoja wa kike aliyekuwa akigawa chai alimuuliza binti wa marehemu, kwa sauti aliyodhani siisikii, "Na huyu mama Mmeru ni nani wa baba yako?" Binti alinitazama kidogo kabla ya kujibu. "Waliimba pamoja. Zamani." Nikapewa kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, nikakinywa polepole. Waliimba pamoja, ndiyo. Lakini kulikuwa na majuma katika zamani hiyo ambapo Guyo asingeniruhusu nikae hata kwenye kizingiti chake, na kulikuwa na adhuhuri moja barabarani ambapo neno langu moja lingeweza kutufikisha sote mahali pabaya. Nilipokuwa nikisikiliza wale kina mama wakisoma dua, nilijikuta siwazi kifo chake. Nilikuwa nawaza mwaka ule.

Sitasimulia nilikozaliwa wala nilivyopata kazi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa msichana mwenye miaka ishirini na kidogo, na nilikuwa nimetumwa Isiolo kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali. Siku zile, mtu akipanda gari kwenda Nanyuki, wenyeji walisema anaenda Kenya, kana kwamba Isiolo haimo ndani yake, na hawakuwa wakitania. Vita vya miaka ya sitini, vya watu wa kaskazini waliotaka kujitenga, vilikuwa vimekwisha, lakini vizuizi barabarani vilikuwepo bado, na watu walikuwa bado wanazungumza huku wakitazama nani amekaa karibu. Nilipanga chumba mtaa wa Bula Pesa kwenye ploti ya Mama Zeinab, mjane wa Kisomali ambaye baba yake alikuja Isiolo na jeshi la Waingereza akabaki. Yeye mwenyewe alifanya biashara ya ngozi za ng'ombe na mbuzi. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, stovu ya mafuta ya taa, na ukuta mmoja mwembamba wa mabati ulionitenga na jiko lake. Kupitia ukuta huo nilijifunza mji. Nilisikia nani anaoa, nani lori lake limeharibika njia ya Moyale, nani amekatazwa kuja kwa nani. Na katika juma langu la kwanza nilisikia habari zangu. "Chunga mdomo," mwanamke mmoja alisema, sufuria zikigongana. "Huyo msichana ni wa ofisi. Kazi yake ni kupiga taipu. Anasikia, anapiga taipu." Mama Zeinab akajibu, "Analipa chumba, anaosha sahani yake, hana kelele." Yule mwingine akasema, "Hao ndio wabaya. Hao hawana kelele."

Kitu ambacho nilikuwa nikipiga taipu ni habari za chanjo ya ng'ombe na ukubwa wa mabirika ya kunyweshea. Lakini ningemwambia nani? Nikiingia dukani, mazungumzo ya Kiborana yaligeuka Kiswahili cha salamu. "Karibu, madam. Sukari?" Nikitoka, nilisikia yakirudi. Kanisani nako kulikuwa na watu wa milimani kama mimi, wenye kulalamikia joto na kuhesabu miezi ya uhamisho, na nilipoimba nao kwaya nilihisi kama sisi ni abiria wanaosubiri gari. Nilikuwa naongea kwa siku labda maneno machache ambayo hayakuwa ya kazi. Hali hiyo humfanya mtu aanze kuongea na stovu.

Mwisho wa ploti kulikuwa na stoo ya ngozi. Ndani yake ngozi zilizopakwa chumvi zilipangwa kama magodoro, na harufu yake ilikuwa nzito kiasi kwamba mgeni alishika pua kabla hajafika mlangoni. Jumamosi mchana, wapakiaji wakishamaliza, Mama Zeinab aliwaachia stoo hiyo wanaume watatu waliokosa mahali pengine pa kupigia muziki, kwa sababu hakuna jirani ambaye angevumilia kelele na hakuna mwenye hoteli aliyetaka wajaze viti bila kula. Guyo alipiga gitaa. Alikuwa Mborana mrefu, fundi wa redio, na alikuwa ametengeneza spika zake mwenyewe, zikitumia betri ya lori. Mwiti, Mmeru kama mimi, aliuza miraa asubuhi na kupiga ngoma alasiri. Lokwang, Mturkana aliyepika katika hoteli moja mjini, alipiga gitaa la besi huku macho amefumba. Hawakuwa na jina. Watu waliwaita tu watu wa stoo.

Jumamosi moja nilikuwa nafua nguo uani. Guyo alikuwa akirudia wimbo mmoja wa Kiborana, mstari uleule, akisimama mahali palepale na kuanza upya, na mimi, bila kufikiri, nikaanza kuufuata kwa sauti ya pili, ile ya juu kidogo tuliyofundishwa kanisani. Gitaa likanyamaza. Nikaendelea kusugua kola ya blauzi kana kwamba si mimi. Guyo akatokea mlangoni mwa stoo akiwa amelishika gitaa shingoni.

"Ni nani alikuwa anaimba?"

"Hakuna mtu," nikasema.

"Basi huyo hakuna mtu aje ndani. Amenipatia ile kitu nilikuwa natafuta."

Mwiti alicheka kule ndani, akaniita kwa Kimeru, akaniambia harufu humzoea mtu haraka kuliko mtu anavyoizoea. Niliingia na mikono yenye povu. Tulirudia mstari ule mpaka jua likalegea. Maneno mengi ya wimbo sikuyajua, isipokuwa moja lililorudi kila mwisho wa mstari, *ayo*. Hilo nililijua. Watoto wa jirani walilia hivyo wakianguka: mama. Nikachukulia kwamba ni wimbo wa mtu aliyemkumbuka mama yake, kama nyimbo nyingi, na sikuuliza zaidi. Nilikuwa na furaha mno. Nilipotoka, nywele zangu zilinuka ngozi na chumvi, na Mama Zeinab, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake akichambua mchele, aliniangalia juu mpaka chini. "Sasa umeharibika," akasema. "Sasa utakula hapa." Tangu siku hiyo nilikula jikoni kwake Jumamosi: anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, na nyirinyiri, vile vipande vidogo vya nyama kavu iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Nami nilimpikia githeri ya mahindi na maharagwe, akaionja, akauliza kwa adabu kama kwetu ng'ombe nao hula hiyo. Alimaliza sahani.

Nikitazama nyuma naona kwamba sikuwa nimekubaliwa bado. Nilikuwa nimekaribishwa, na hayo ni mambo mawili. Stooni tulikuwa tukicheka pamoja, lakini Guyo na Lokwang wakianza habari za miaka ile mibaya, za vijiji vilivyozungushiwa waya na mifugo iliyopigwa risasi, mmoja angenitazama na sentensi ingekufa katikati. Hakuna aliyenikosea heshima. Walifunga tu mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Nami nilijifanya sioni. Nikaongeza sauti, nikajifunza nyimbo zaidi, nikadhani nikiimba vizuri vya kutosha siku moja watasahau ninakofanya kazi.

Kiangazi kilipoanza tukaitwa kupiga muziki kwenye arusi Gotu, kijiji cha kando ya mto. Kaka yake Mama Zeinab, dereva mzee, alitupakia kwenye lori lake pamoja na betri, spika na magunia ya mchele. Arusi ilikwenda vizuri. Mtu mmoja alitupiga picha, mwingine alirekodi nyimbo zetu kwenye kaseti, na kesho yake tulipokuwa tukirudi, Guyo aliiweka kaseti hiyo kwenye redio yake tukawa tunajisikiliza sisi wenyewe, tumekaa juu ya magunia matupu, upepo ukitupiga usoni, Mwiti akikosoa kila pigo lake. Hatukuisikia injini ikipungua mpaka lori liliposimama. Mbele kulikuwa na kizuizi, na askari walikuwa wakali kuliko kawaida. Tulikuja kusikia baadaye kwamba kulikuwa na uvamizi upande wa juu wa mto. Wakati ule tulichoona ni bunduki na nyuso ambazo hazikuwa zimelala.

"Shukeni. Wote. Vitambulisho mkononi."

Tulishuka tukapangwa kando ya barabara juani. Mkubwa wao alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya upole, na upole huo ulinitisha kuliko kelele. Alichukua redio kutoka mikononi mwa Guyo, akairudisha kaseti nyuma, akaiwasha. Sauti yangu ikatoka, nyembamba, juu ya ile ya Guyo. *Ayo.*

"Hii nyimbo inasema nini?"

Guyo alikaza macho barabarani.

"Nimekuuliza. Kuna watu wanaimbia majambazi huku, wanawapa moyo. Wanataja kambi, wanataja watu waliokufa. Hii inasema nini?"

 Niliona shingo ya Guyo ikikaza. Askari mmoja alisogea akasimama nyuma yake, na Lokwang akaanza kusema kitu, akaambiwa anyamaze. Ndipo yule mkubwa aliposoma kitambulisho changu. Akainua kichwa, akabadilisha lugha, akanisemesha kwa Kimeru, polepole, kama mjomba.

"Mwari, binti yangu, wewe ni mtoto wetu. Unafanya nini na hawa watu? Njoo usimame huku kivulini. Gari letu linaenda mjini, tutakufikisha. Niambie tu hiyo nyimbo inasema nini, uende zako."

Mwiti, aliyeelewa kila neno, alitazama miguu yake. Wengine hawakuelewa maneno, lakini walielewa sauti. Guyo aligeuza kichwa kwa mara ya kwanza na kunitazama, na machoni mwake sikuona ombi. Niliona mtu anayesubiri kuthibitisha jambo alilolijua siku zote. Ningeweza kwenda kivulini. Hakuna ambaye angeshangaa. Nikasikia mdomo wangu ukimjibu yule mkubwa kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Nimekuja nao na nitarudi nao, afande. Hiyo ni wimbo ya ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe alipotea wakati wa kiangazi. Mwenyewe anamtafuta. Anamwita kwa jina. Ayo ndio jina ya ng'ombe."

 Nzi walikuwa wakitembea kwenye paji la uso wangu na sikuthubutu kuwafukuza. Yule mkubwa akageuka, akamwita askari mmoja kijana aliyekuwa amekaa kwenye jiwe karibu na kizuizi, mtu mwembamba wa Marsabit.  Marsabit nako watu huzungumza Kiborana; mtu wa huko angejua neno hilo tangu tumboni.

"Wewe unaelewa hii lugha yao. Huyu dada anasema kweli?"

Kijana alisikiliza kaseti. Wimbo ulifika mwisho wa mstari, ukarudi, ukafika tena. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Guyo kwa muda mrefu.

"Ni kweli, afande," akasema. "Ni ng'ombe. Ng'ombe mwekundu."

Tuliruhusiwa. Walibaki na kaseti. Tulipanda lorini bila kusema kitu, na kwa kitambo nilidhani kimya kile kilikuwa cha hofu iliyokuwa ikitutoka. Mwiti alinishika bega. Lokwang alinipa maji. Guyo alikuwa amekaa nyuma kabisa, ametupa mgongo, na tulipofika Bula Pesa alishusha spika zake, akazipakia kwenye mkokoteni, akaondoka nazo. Kabla hajaondoka alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Umemfanya mama yangu ng'ombe," akasema.

Jumamosi iliyofuata hakuja stooni, wala ile nyingine. Mwiti alipiga ngoma peke yake kidogo, akaacha. Sitasahau uzito wa majuma yale. Kabla ya hapo nilikuwa mpweke bila kujua nimekosa nini, sasa nilijua. Usiku sikulala na ofisini nilikosea taipu mpaka nikaonywa. Nilikuwa nikijibizana na Guyo kichwani, nikimwambia kwamba wangempiga, kwamba wangetupiga sote, kwamba ningesema nini kingine. Siku moja kupitia ukuta wa mabati nilimsikia Mama Zeinab akiongea, na nikatambua kwamba alikuwa peke yake jikoni na alikuwa akisema na mimi. "Mtu akiwa na neno na mtu, aende kwa mlango wake. Asikae chumbani anakunja mashuka."

Nilikwenda Chechelesi siku ileile baada ya kazi. Guyo alikuwa amekaa nje ya chumba chake, redio ya mtu imefunguliwa miguuni, bisibisi mkononi. Hakunikaribisha. Nilisimama.

"Wangekupiga," nikasema.

"Wangenipiga."

"Na Mwiti. Na Lokwang. Na yule dereva mzee."

"Najua. Unafikiri sijui?" Aliweka bisibisi chini. "Kwa hiyo siwezi kukukasirikia, na nimekasirika. Hiyo ndiyo shida yangu. Ungekuwa umekosea ningekusamehe, tumalize."

 Wakati huo mwanamke wa chumba cha pili alitoka na beseni, akatuona, akarudi ndani. Guyo akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi. Nikakaa. Akanieleza, akitazama ile redio wakati wote, kwamba alikuwa mtoto Garbatulla watu walipofungiwa ndani ya waya. Ng'ombe walikuwa wameisha. Mtu aliruhusiwa kutoka kutafuta maji na kuni kwa saa fulani tu, na kengele ikilia lazima awe amerudi. Mama yake alitoka na chombo cha maji. Kengele ikalia. Hakurudi, na hakuna aliyewaambia chochote, si siku hiyo wala baadaye. Hawakuwa na kaburi. "Mimi sina mahali pa kwenda kumsomea dua," akasema. "Nina hiyo nyimbo tu. Ndiyo maana niliposikia unaniongezea sauti pale uani, sikuuliza wewe ni wa ofisi gani. Nilifikiri, huyu anamwita pamoja na mimi. Kumbe ulikuwa hujui unaita nani."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Hatukukuambia." Aliifunika ile redio. "Hilo ni kosa letu."

Kisha akaingia ndani akatoka na gitaa. Akanifundisha wimbo ule upya, neno kwa neno, akinieleza kila mstari: chombo alichobeba, njia aliyoshika, kengele, mtoto aliyesimama kwenye waya. Nilikosea sana, na safari hii hakucheka nilipokosea. Jua lilipozama aliniambia niende kabla Mama Zeinab hajatuma watu. "Wakikuuliza tena barabarani," akasema, "sema ni ng'ombe. Sema tu. Lakini sasa utajua unaficha nini."

Mvua zilipopita tulialikwa kwenye arusi Garbatulla kwenyewe. Tulipokaribia kizuizi kila mtu lorini alikaa wima. Askari walikuwa wengine, wakatupungia mkono tupite. Arusi ilifanyika kwenye uwanja wa wazi, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, vumbi likipanda kwa ngoma ya Mwiti. Katikati ya furaha hiyo Guyo alinisogelea akaniambia, "Sasa ile." Nilidhani sikusikia vizuri. "Hapa? Kwa arusi?" Akasema, "Hapa ndipo," akaanza kupiga.

Niliimba mbele, yeye ndiye aliyenifuata safari hii. Kufikia mstari wa kengele wachezaji walikuwa wamesimama. Nilipofika kwa mtoto kwenye waya hapakuwa na mtu aliyesogea uwanjani, na bibi arusi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua nimeiharibu arusi ya watu. Mimi, mtu wa Kenya, msichana wa serikali, nimewaimbia wenyewe msiba wao katika siku yao. Nikamtazama Guyo anipe ruhusa ya kuacha. Alitikisa kichwa: endelea. Nikaita, *ayo*, na hakuna aliyeitikia. Nikaita tena. Kutoka upande wa wanawake, nyuma kabisa, sauti moja ya kikongwe ikajibu, nzito, ya chini. Kisha nyingine. Kisha ikawa uwanja mzima, polepole, bila makofi, kila mmoja akimwita wake.

Wimbo ulipokwisha mtu akapiga kigelegele na arusi ikaendelea kama maji yaliyozunguka jiwe. Nilikuwa nimekaa kando ya spika, yule kikongwe aliyeitikia kwanza aliponijia. Alikuwa amebeba sinia ya wali na nyama, na hakuiweka upande wa wapiga muziki. Alinishika mkono akaniongoza kwa wanawake, akanikalisha kati yao, akaninawisha mikono, na shangazi zake bibi arusi wakasogea kunipisha. Hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani wala nafanya kazi gani. Alisubiri nimeze tonge la kwanza.

"Umeimba vizuri," akasema kwa Kiswahili chake cha taabu. "Lakini hiyo *ayo* unakata fupi. Mama hakatwi fupi hivyo. Vuta."

Nikajaribu. Wakacheka wote, yule mzee akapiga paja.

"Hapana. Sema tena."

Nikasema tena, na tena, mdomo umejaa wali, mpaka wakaridhika.